Taa ya Tatu

Luteni Blanchard alizungusha mnyororo mara mbili kwenye portail, lango la chuma la maabara, akafunga kufuli, kisha akatia ufunguo katika mfuko wa shati na kuupapasa kama mtu anayehakikisha kwamba moyo wake ungali mahali pake.

"Maman OPJ, jua ikiingia mu vilima bila unipe mutu, Komanda atajichagulia. Na yeye hachague bole-bole."

"Umeniambia hiyo njia yote," Olive Bintu, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, alijibu. "Watu wako wapi?"

"Ndani. Batatu. Miye najua ni nani, lakini recteur, mukubwa wa chuo, alilia mpaka Komanda akasema sawa, bamulete OPJ wa parquet afanye enquête. Njo sababu uko hapa. Kwangu ni kupoteza siku."

Maabara ile ya chuo kikuu, iliyochunguza magonjwa ya mihogo, ilikuwa villa ya zamani ya Wabelgiji pale Nguba. Madirisha yote yalikuwa na vyuma, na ukuta ulikuwa mrefu, umepandwa vipande vya chupa juu. Zamani vyuma vile viliwekwa ili wezi wasiingie. Katika mwaka huu wa nne wa vita, mji ukiwa mikononi mwa Komanda, vilikuwa vimegeuza kazi.

Nyuma ya ukuta, karibu sana, jenereta ilikuwa inanguruma. Mtaa uliobaki haukuwa na umeme tangu asubuhi. Sauti ya mwanamke ilipanda kutoka upande wa barabara: "Mama Georgette, courant iko kwenu?" Nyingine ikajibu kutoka mbali: "Wapi. Hata huku imeenda." Ndivyo watu wa Bukavu walivyoulizana habari. Nyumba yenye umeme ilimvutia jirani waya, jirani akamvutia jirani yake, na waya ukikatika hakuna aliyejisumbua kuvaa viatu. Mtu alipanda tu juu ya jiwe na kupiga kelele ukutani.

"Ile groupe inayonguruma ni ya nani?" Olive aliuliza.

"Yangu. Naishi pale nyuma. Pita, maman."

Watu watatu walikuwa wameketi juu ya benchi moja katika chumba kikubwa, katikati ya meza zenye kompyuta zilizozimwa. Profesa Adalbert, mkubwa wa maabara, alikuwa amevaa tai yake kana kwamba angeitwa kufundisha wakati wowote. Emérence, mtafiti, msichana mwembamba mwenye kitambaa cha buluu kichwani, alishika mikono yake katikati ya magoti. Wa mwisho alikuwa Placide Akonkwa, fundi wa mtandao, mdomo wake wa juu umevimba.

"Nani alimpiga?" Olive aliuliza.

"Alijikwaa," Luteni alisema.

Placide hakutazama juu. "Nilijikwaa, maman."

Olive alivuta kiti, akaweka karatasi juu ya meza. Ilikuwa imetolewa katika mfuko wa mvamizi mmoja aliyeuawa kwenye njia ya Walungu, siku ya Jumatano, pale malori matatu ya Komanda yalipovamiwa na kuchomwa. Aliisoma kwa sauti ili wote wasikie jambo moja.

"'Camions tatu. Mercredi asubuhi, njia ya Walungu. Coltan iko mu ile ya katikati.' Message hii ilitoka Jumanne, mardi jioni. Juu kuna anwani ya e-mail ya maabara yenu. Nani anaitumia hiyo anwani?"

"Siye bote," Profesa alisema. "Anwani ni moja tu kwa maabara mzima, madame. Mutu anaandika, anatia jina lake chini. Hata nguo moja inaweza kuvaliwa na batu batatu, siyo?"

"Hapa chini hakuna jina."

"Njo ile tunalia."

"Mutu mmoja tu anajua mot de passe, neno ya siri ya seva," Luteni alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea kizingiti, bunduki imekaa mbele ya tumbo. "Muulize huyo."

Olive alimgeukia Placide. "Uko na bibi?"

"Ndiyo, maman. Tatiana."

"Watoto?"

"Mmoja. Alizaliwa lundi, mbele ya ile mardi. Bado hana jina." Alilamba mdomo uliovimba. "Kwetu ni baba anatoa jina. Nilimuangalia siku moja tu, kisha Afande akanileta huku. Bakingali banamuita 'mutoto' tu."

"Mardi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilibakia peke yangu."

Luteni alicheka kwa pua. "Unasikia? Anajimaliza mwenyewe."

"Ulibakia kufanya nini?"

"Courant ilikuwa imeenda. Ikienda, nabakia kuchunga batri. Zimezeeka. Zikimalizika kabisa, seva inaanguka, na kuiinua ni kazi ya siku mzima."

Olive aliacha kalamu. "Mardi jioni hakukuwa na umeme?"

"Hakukuwa," Profesa alidakia. "Bibi yangu alipika pa moto ya makala, tukakula mu mwangaza ya bougie. Uliza Nguba mzima."

"Kwa hiyo Jumanne ilikuwa kama leo. Placide, nionyeshe."

Chumba cha seva kilikuwa kidogo kama stoo, chenye mlango wa mbao na tundu moja la hewa juu. Ndani kulikuwa na joto la mashine na harufu kali ya maji ya batri. Seva yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lenye vumbi. Juu ya rafu kilikaa kisanduku bapa ambacho Placide alikiita hub. Nyaya zote za maabara ziliingia humo, na kila waya ulikuwa na kitaa chake kidogo. Luteni alisimama nyuma yao, karibu kiasi kwamba Olive alisikia harufu ya sigara katika nguo yake.

"Message inatoka namna gani?" aliuliza Olive. "Niambie kama unavyomwambia mtoto."

"Mutu anaandika pa computer yake. Inapita mu waya, inaingia mu hub. Hub inapatia seva, seva inaitia anwani ya maabara, inapatia antena kule juu ya nyumba. Antena inatupa mbinguni. Basi."

"Na kama umeme umeenda?"

"Batri inashika vitu tatu. Seva, hub, antena. Angalia, prise za kuchomeka ni tatu tu. Computer za batu zinazima."

"Ukitoa kimoja, ukachomeka computer?"

"Nikitoa seva, message haina mulango. Nikitoa hub, haina njia. Nikitoa antena, haina mbingu."

"Ukitumia rallonge, waya wa kugawa umeme?"

Placide alimtazama Luteni kama mtu anayeomba ruhusa ya kupumua, kisha akaleta rallonge na kompyuta moja kutoka chumba kikubwa. Alipoiwasha, sanduku la batri lilitoa mlio mkali, mrefu, kama mbuzi anayechinjwa vibaya. Luteni aliruka nyuma na kugonga kichwa kwenye rafu.

"Zima hiyo kitu!"

Placide alizima. Mlio ukakatika.

"Inalia vile sekunde chache, kisha yote inaanguka," alisema polepole. "Hazibebe tena, maman. Ni kama muzee, unamuongezea mzigo anaketi chini."

"Na seva yenyewe? Huwezi kuandika hapo moja kwa moja?"

"Haina ekran. Haina hata clavier ya kuandikia. Naiongoza toka computer yangu, na computer yangu inazima."

Olive aliinama kuangalia nyuma ya sanduku. Hapakuwa na waya wa skrini, na matundu yake yalikuwa yamejaa utando wa buibui. Placide hakusema uongo. Lakini karatasi nayo haikusema uongo. Message ilitoka katika nyumba ambayo jioni ile hakuna mashine ingeweza kuiandika.

"Nyaya ngapi zinaingia katika kisanduku hiki?"

Hadi hapo Placide alikuwa amejibu kila swali kabla halijafika chini. Sasa macho yake yalishuka mpaka kwenye buti za Luteni, yakakaa pale.

"Za kutosha," alisema.

"Maman OPJ," Luteni alisema, akijisugua kichwa, "Komanda hataki mambo ya batri. Anataka mutu. Na kama unapenda batri, kuna moja ingine. Mademoiselle iko na portable. Portable inatembea bila courant, hata miye najua hiyo."

Walirudi katika chumba kikubwa. Emérence alitoa kompyuta yake ndogo katika mfuko wa kitenge, akaigeuza juu chini bila kungoja swali, akafungua kifuniko. Mahali pa batri palikuwa na kipande cha katoni kilichokunjwa.

"Ilitoka Ulaya vile vile," alisema. "Don, zawadi. Banatupatiaka ngozi ya nyama, nyama inabakia kwao."

"Ni kweli," Profesa alisema. "Miye njo niliikata hiyo katoni, juu ya vile kifuniko kilikuwa kinaingia ndani."

"Hiyo haitoshi," Luteni alisema. "Muulize ya Walungu. Muulize juu ya nini mercredi hakuenda."

Olive alimtazama Emérence. "Ulikuwa uende Walungu Jumatano?"

"Kila mercredi naenda kuchuma majani ya mihogo yenye ugonjwa. Na mama yangu anaishi kule."

"Lakini Jumatano hii hukwenda."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Emérence aliinua uso. Alikuwa na macho makavu, makubwa. Alitamka kila neno kama mtu anayepanga vikombe juu ya meza.

"Juu ya mvua, maman. Mvua ilinyesha sana, njia ikaharibika."

Nje ya vyuma, migomba ya uani ilikuwa myekundu kwa vumbi. Ilikuwa Julai. Tangu mwanzo wa Juni hakuna tone lililogusa Bukavu wala Walungu.

Luteni alipiga kelele ya furaha kooni. "Unasikia namna anadanganya? Hata mutoto wa école maternelle angedanganya muzuri kumupita. Andika hiyo. Kama siyo fundi, ni huyu. Ao bote babili, Komanda ataona."

Olive aliandika neno moja, *mvua*, akalipigia mstari chini. Mtafiti mwenye diploma mbili hasahau kiangazi. Mtu anayedanganya vibaya namna ile anataka uongo wake uonekane. Lakini uonwe na nani, na usionwe na nani? Chumbani walikuwa watano, na mmoja wao alishika bunduki.

Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa ubavu katika madirisha. Olive hakuwa na saa mkononi, lakini alijua muda uliopita. Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka matiti yalikuwa magumu kama mawe, na doa lilianza kutokea mbele ya blauzi. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa Kadutu kwa dada yake, na bila shaka alikuwa analia. Alivuta kitenge mbele ya kifua, kisha akaacha kukivuta.

"Luteni. Ninanyonyesha. Napashwa kukamua maziwa, ama nitaanguka homa hapa mbele yako."

Luteni alitazama doa lile, kisha akatazama dari. "Kukamua… hapa?"

"Nataka chumba chenye mlango."

"Hakuna mulango ingine kuliko kule kwa ile mashine."

"Basi kule."

Alisita. Mtu yule aliyempiga mwenzake mdomoni bila kusita aligeuza uso kama kijana mbele ya mama mkwe. "Enda, maman. Enda. Lakini mbio. Nitasimama hapa inje."

Emérence alimnyooshea Olive bilauri ya kioo kutoka rafu ya maabara. "Iko safi," alisema. "Niliichemsha." Vidole vyao viligusana, na vya msichana vilikuwa baridi.

Mlango ulipofungwa, giza lilikuwa karibu kamili. Olive alifungua vifungo, akaketi juu ya sanduku tupu, akakamua. Maziwa yaligonga kioo kwa mlio mwembamba. Nje, Luteni alikohoa na kusogea hatua chache mbali na mlango, kwa adabu.

Alikuwa bado anakamua alipoziona zile taa.

Mchana, pamoja na mwanga wa mlangoni na mabega ya Luteni, kile kisanduku bapa kilikuwa kisanduku tu. Sasa, gizani, kilikuwa na taa tatu za kijani.

Moja ilikuwa ya seva. Ya pili ilikuwa ya antena. Kompyuta zote za maabara zilikuwa zimezimwa, na waya wa mashine iliyozimwa hauwashi kitu. Olive aliangalia vitaa vyao, akavikuta vimekufa. Lakini taa ya tatu ilikuwa hai. Na haikuwaka tu. Ilikuwa inapepesa, haraka haraka, kama jicho la mtu anayeongea.

Aliweka bilauri chini bila kumwaga. Alishika waya uliokuwa chini ya taa ile, akaufuata kwa vidole. Nyaya nyingine zote zilikuwa za kijivu. Huu ulikuwa mweusi. Ulishuka nyuma ya batri, ukapita chini ya kigunia, ukaingia ukutani katika tundu lililozibwa kwa kipande cha sabuni. Olive alitia ukucha. Sabuni ilikuwa bado laini. Aliweka sikio pale. Ngurumo ya jenereta, ambayo katika chumba kikubwa ilikuwa kama mvua ya mbali, hapa ilikuwa karibu kabisa, ng'ambo ya matofali.

Jumanne jioni, Nguba yote ilikuwa gizani isipokuwa nyumba moja, ile ya Luteni.

Alifunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja. Sasa Placide kutazama buti na Emérence kuleta mvua ya Julai vilikuwa neno moja, lililosemwa na watu wawili ambao hawangeweza kulisema. Na yeye pia hakuweza. Ufunguo wa portail ulikuwa katika mfuko wa shati la mtu yule yule aliyepaswa kumfichua. Akitoka na kutaja waya, Komanda angefika na kukuta maiti nne na hadithi moja.

"Umemaliza, maman?"

"Nimemaliza."

Alitoka na bilauri ya maziwa mkononi, akampa Emérence aifunike. Luteni aliikwepa kwa macho. Olive aliketi tena mbele ya Placide, akachukua kalamu, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi yake:

"Turudi kwa courant. Kwenu nyumbani, jirani akikuomba umvutie waya, unamkatalia?"

Placide alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama kweli.

"Inategemea jirani, maman. Iko jirani wa kuomba. Na iko jirani wa kukuambia tu."

"Na yule wa kukuambia, unamwambia bibi yako kwamba ulimvutia?"

"Siwezi kumuambia hata bibi."

"Na waya ukikatika, anafanya nini?"

Placide alifikiri. Kitu kidogo kilipita katika uso wake. "Batu ba nyumba yake banapiga kelele pa ukuta. Kila mara. Nilibaambia bakuje na muguu, bakakataa. Banazoea vile."

"Munaongea ya majirani sasa?" Luteni aliuliza.

"Namuuliza kama aliiba courant siku ile. Ni kwa ajili ya rapport."

"Andika kama aliiba. Ongeza hiyo pia."

Komanda alifika jua likiwa limegusa vilima vya ng'ambo. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu na askari wanne, mtu mfupi mwenye mafua, kitambaa cheupe mkononi. Aliwasalimia wote, hata Placide. Alimpa Profesa mkono. Kisha akaketi juu ya kiti kirefu cha maabara, miguu haikufika chini, na hakuna aliyeona jambo la kucheka.

"Maman OPJ. Naomba radhi, nakupa homa yangu. Umenipatia mutu?"

"Karibu, Komanda. Imebaki swali moja, na ninataka ulisikie."

"Fundi amekwisha kukubali," Luteni alisema. "Imebakia tu aseme."

"Swali ni kwa Luteni," Olive aliendelea. "Nyumba ngapi zinatumia antena hii?"

"Moja. Hii hapa."

"Hakuna waya unaotoka nje?"

"Nilipima ukuta miye mwenyewe. Mbele na nyuma."

"Na kwako, kule nyuma?"

"Kwangu iko groupe na radio ya Komanda. Basi."

Komanda alijipangusa pua. "Nilikataza connexion ya internet kwa kila officier. Anajua hiyo. Bote banajua."

"Ninajua, Komanda," Luteni alisema, na mkono wake ukasimama sawa kando ya paja.

Olive aliandika majibu yote matatu, akamsomea, akamwomba aweke sahihi kama sheria inavyotaka. Luteni aliweka, kwa madaha. Kisha Olive alisimama, akaingia katika chumba cha seva, akaacha mlango wazi kabisa. Alinyoosha mkono kwenye kile kisanduku bapa na kuvuta waya mmoja. Taa ya tatu ilizimika.

Alirudi, akaketi, akaweka mikono juu ya meza.

Hakuna kilichotokea. Jenereta iliendelea kunguruma. Mmoja wa askari alihamisha bunduki kutoka bega hadi bega. Olive aliiacha mikono pale pale, mahali ambapo wote waliiona.

"Unafanya nini, maman?" Komanda aliuliza kwa upole.

"Nangoja, Komanda."

"Unangoja nini?"

"Jirani."

Luteni aligeuka haraka mno. Alitazama mlango uliofunguliwa, kisanduku, waya mweusi unaoning'inia. Rangi ya uso wake ilibadilika kama maji ya ziwa wingu likipita.

"Naenda kuangalia bale ba garde kule inje," alisema.

"Bakia," Komanda alisema.

"Ni dakika moja, Komanda…"

"Nilisema bakia."

Wakangoja. Profesa alianza kulegeza tai, akaiacha nusu. Emérence alifunga macho. Jua lilitoka kwenye vyuma vya dirisha la kwanza, likahamia la pili, jekundu. Olive aliona Komanda akikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne, na kukirudisha mfukoni, kama mtu anayejiandaa kusimama.

Ndipo kitu kilikwaruza ukuta wa nyuma, buti ikitafuta nafasi juu ya jiwe.

"Placide. Eh, Placide." Ilikuwa sauti ya kijeshi lakini ya mtu mvivu. "Uko umekata tena? Rudisha, yaya, kaka yangu. Bale ba Walungu bako nanitumia jibu, ilikuwa imefika katikati. Luteni ataniua kama inapotea."

Askari wote wanne waligeukia ukuta.

"Placide, unanisikia? Ni miye, Philémon."

Komanda alishuka kutoka kiti kirefu. Alimtazama Olive, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Rudisha waya."

Olive aliingia, akauchomeka. Taa ya tatu iliwaka, ikatulia, kisha ikaanza kupepesa, haraka haraka.

"Aa, imerudi," ile sauti ilisema ng'ambo ya ukuta. "Aksanti, yaya. Mungu akupe mutoto ingine." Na buti ikashuka kutoka kwenye jiwe.

Komanda alisimama mlangoni pa chumba cha seva na kuitazama taa ile kwa muda. Kisha akanyoosha kiganja bila kugeuka.

"Ufunguo."

Luteni alifungua kifungo cha mfuko wa shati. Akauweka ufunguo kiganjani. Askari mmoja alimwondolea bunduki, mwingine alimwondolea mshipi. Yeye alimtazama Emérence tu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Nilikuambia usiende Walungu," alimwambia. "Nilikusaidia."

"Malori yalikuwa na madereva," Emérence alisema. "Hao uliwaambia?"

Komanda alimpa Olive ufunguo. Ulikuwa na joto la mwili wa mtu mwingine.

"Mutoke bote bane. Leo. Kesho siahidi kitu. Na rapport yako, maman, hii ya Luteni hautaiandika. Hii ni ya nyumba yangu."

"Nitaandika kwamba Placide Akonkwa hakutuma message ile. Na kwa nini hangeweza kuituma."

Komanda alifikiri, akapiga chafya. "Andika hiyo. Hiyo tu."

Ilikuwa nusu ya ukweli, na Olive alijua nusu nyingine ingebaki ndani ya vyuma vile pamoja na mtu aliyekuwa anavuliwa buti. Alichukua bilauri yake ya maziwa. Alitembea mbele.

Kufuli lilimkatalia, kisha likakubali. Aliukunjua mnyororo mara ya kwanza, mara ya pili, akauacha udondoke vumbini. Profesa alitoka bila kutazama nyuma. Emérence alimshika mzee mkono kwenye kizingiti. Placide alisimama, mguu mmoja ndani.

"Batri zitamalizika," alisema. "Hakuna mutu wa kuzichunga."

"Placide."

"Ndiyo, maman."

"Mtoto anaitwa nani?"

Alivuka. Akasimama barabarani kama mtu aliyeshuka kutoka kwenye mtumbwi na bado anasikia maji.

"Nitafikiri kwa njia," alisema.

Nguba ilikuwa inaingia gizani. Kutoka nyuma ya ukuta fulani sauti ya mwanamke iliuliza, bila kujua inamuuliza nani: "Courant imerudi kule kwenu?" Placide alifungua mdomo wake uliovimba, akajibu kwa mazoea ya kazi, kwa sauti iliyopasuka katikati:

"Bado, maman. Bado."